Barua ya wazi: Mgonjwa akizinduka, muulizeni kama anaona

Isevya, Tabora

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, na waganga wafawidhi wa hospitali zote zinazofanya upasuaji mkubwa nchini.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora. Mwaka huu ni wa 19 nafundisha Sayansi, na somo la milango ya fahamu nimelifundisha hadi chaki inajiandikia yenyewe. Nachora jicho ubaoni: konea, mboni, lenzi, retina, na huku nyuma naweka kamba moja nene inayotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo. Watoto wanapenda sehemu ya mboni. Nawakalisha wawili wawili, mmoja anaziba macho kwa viganja, kisha anaviondoa ghafla akiwa ameelekea dirishani, na mwenzake anaitazama mboni inavyojibana. Darasa zima linapiga kelele. Kwenye ile kamba ya nyuma huwa hatukai. Nasema, "Hii ni neva ya jicho, inapeleka taarifa kwenye ubongo," tunafuta ubao tunaenda kwenye sikio.

Nawaandikia kwa ajili ya kamba hiyo.

Mume wangu, Baba Shija, alikuwa dereva wa lori. Kabeba tumbaku ya Urambo na Sikonge, kabeba mchele, mbao, saruji. Mgongo ulimwanza kidogo kidogo, mguu wa kulia ukafa ganzi, wa kushoto ukafuata, ikafika mahali anapanda kwenye lori kwa kujivuta na mikono. Picha zikaonyesha pingili zimekandamiza mishipa ya fahamu sehemu tatu. Tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, nje ya mkoa wetu. Hospitali hiyo sitaitaja, na jina la mtu yeyote wa pale sitalitaja. Waliompasua waliifanya kazi waliyoitiwa: miguu ilirudi. Leo anatembea kuliko mimi, ila lazima ashikwe mkono.

Aliingizwa chumba cha upasuaji saa 2 asubuhi, akatolewa saa 11 jioni. Muda wote huo alikuwa amelazwa kifudifudi, kwa kuwa upasuaji wenyewe ulifanyikia mgongoni. Damu ilipotea nyingi. Ndugu zake wawili walikuwa wameshachangia, bado mchana tukaambiwa tutafute wengine. Usiku akalala chumba cha uangalizi maalumu. Asubuhi niliruhusiwa kumwona kwa dakika chache, nikakuta uso umevimba na kope zimevimba kama za mtu aliyevamiwa na nyuki, na sisi wa Tabora nyuki tunawajua. Sista mmoja mpole akaniambia, "Mama, ni kule kulala kifudifudi. Uvimbe utashuka." Na kweli ulishuka.

Siku iliyofuata wakamhamishia wodini. Nikamletea uji, nikauweka juu ya kabati dogo kando ya kitanda, nikasema, "Uji huo, Baba Shija." Akanyoosha mkono. Mkono ukapita juu ya kikombe, ukagusa ukuta, ukarudi, ukaanza kuupapasa ubao wa kabati polepole, kama mtu anayetafuta kiberiti umeme ukikatika. Nilikaa kimya. Nikaisogeza chupa ya chai upande wa pili, ikagonga chuma cha kitanda, naye akageuza uso kwenye ule mlio na kuniacha mimi niliyesimama mbele yake.

"Unaniona?"

"Giza giza. Wanasema ni dawa ya usingizi."

Kumbe alikuwa ameshasema tangu usiku wa kwanza.

Nilikuwa na kitochi changu mfukoni. Nikakiwasha, nikamulika jicho la kulia. Mboni ilibaki pana vilevile. Nikamulika la kushoto. Nikaziba kwa kiganja, nikahesabu hadi 10, nikaondoa ghafla na taa imeelekea jichoni, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la nne. Hakikusogea kitu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza, "Vipi, mama?" Nikamwambia natafuta uchafu jichoni.

Nilimwambia muuguzi wa zamu. Jibu lilikuwa lilelile, dawa ya usingizi haijamtoka vizuri. Zamu ya usiku ikasema labda presha imeshuka. Daktari alipopita asubuhi na wanafunzi wake alimwambia achezeshe vidole vya miguu. Akavichezesha. Walifurahi wote, nami nilifurahi, mtu asinielewe vibaya, vidole vile vilikuwa havijasogea kwa miezi. Nikasema, "Dokta, na macho?" Akasema ataandika tumwone mtu wa macho, wakasogea kitanda cha pili.

Kulikuwa na karatasi inaning'inia miguuni pa kitanda. Nilikuwa na muda mwingi wa kuisoma. Ilikuwa na presha, mapigo ya moyo, joto, upumuaji, mkojo, maumivu kwa alama hadi 10, vyote vimejazwa kila baada ya saa chache kwa mwandiko wa kupendeza. Macho hayakuwa na mstari. Mimi ni mtumishi wa umma, najua fomu zinavyofanya kazi: kisicho na kisanduku hakipo. Wale wauguzi hawakuwa wavivu. Walijaza kila walichotakiwa kujaza.

Mtu wa macho alifika siku ya 6. Alitazama ndani kwa kifaa chake, muda mrefu kwa kweli, akasema nyuma ya jicho panaonekana pazuri. Akaandika hivyo. Basi kuanzia hapo lugha ikabadilika. Mgonjwa ana hofu. Mgonjwa ana mawazo. Pengine anaona, ila hajajiamini. Mmoja alimwambia, "Jitahidi, mzee." Mtu ajitahidi vipi kuona? Tuliporuhusiwa tukapewa karatasi ya Kiingereza ambayo ninayo hadi leo. Inasema upasuaji umefanikiwa, hali ya mgonjwa ni nzuri, arudi baada ya wiki 6. Neno jicho halimo.

Ilichukua miezi 8 kumpata mtu wa kutuambia ukweli. Alikuwa daktari wa macho katika hospitali nyingine. Alitazama kwa kifaa kilekile, kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Baba Shija hadi magoti yao yakakaribia kugusana. Akauliza saa ngapi alikaa mezani, na damu aliongezwa chupa ngapi. Hakuna aliyewahi kutuuliza hayo. Halafu akasema, "Kaka, huu si uoga. Neva zako za macho zilikosa damu siku ile ya upasuaji. Sasa zimekuwa nyeupe, naziona. Miezi ile ya mwanzo zisingeonekana, kwa sababu palipoumia ni nyuma, kifaa hiki hakifiki."

Kumbe yule wa siku ya 6 hakusema uongo. Aliona alichoona. Neva ikiumia upande wa nyuma, kichwa chake kinachoonekana ndani ya jicho hubaki na rangi yake ya kawaida kwa wiki kadhaa kabla ya kupauka. Lakini mboni isiyojibana ilikuwa inaonekana kwa tochi ya kitochi.

Nikaanza kusoma. Usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Nikakuta jambo lenyewe lina miaka mingi kwenye vitabu vya madaktari. Marekani, chama cha madaktari wa usingizi kilifungua daftari maalumu mwaka 1999 la kukusanya taarifa za watu waliopoteza kuona baada ya upasuaji usiohusu macho. Mwaka 2006 wakatoa uchambuzi wa wagonjwa 93 waliopasuliwa mgongo. Kati yao 83 tatizo lilikuwa hilihili la neva kukosa damu, na 10 ilikuwa mshipa mkuu wa damu wa retina kuziba. Katika wale 83, watu 55 waliumia macho yote mawili. Wengi walikuwa watu wazima wenye afya ya kuridhisha, si mahututi. Kilichowaunganisha karibu wote ni kwamba walipoteza damu lita 1 au zaidi, au walikuwa kwenye usingizi wa dawa saa 6 au zaidi. Baba Shija alikuwa na vyote viwili.

Wengi wanadhani ni jicho kubanwa na mto wa kitandani. Lipo hilo pia, na ndilo linaloweza kuziba ule mshipa wa retina, kwa kawaida jicho moja, lile lililobanwa. Lakini katika wale 83, watu 16 vichwa vyao vilikuwa vimeshikwa na pini, uso uko hewani, haujaguswa na chochote, na bado neva zilikufa. Ni damu iliyopungua, ni saa nyingi, ni uso kuelekea chini hadi damu inashindwa kurudi vizuri kutoka kichwani, ni uvimbe ule niliouona mimi. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliolinganisha wagonjwa 80 wa namna hii na wenzao 315 waliotoka salama uliongeza mengine: wanaume wako hatarini zaidi, wanene pia, na aina mojawapo ya fremu wanayolaziwa watu wa mgongo. Jinsi hasa mambo hayo yanavyokutana hadi neva inakufa, wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Ni nadra. Nalisema mimi kabla hamjaniambia ninyi. Kumbukumbu za hospitali za Marekani za miaka ya 1996 hadi 2005 zilitoa kama watu 3 katika kila 10,000 waliounganishwa pingili za mgongo, na kati ya 8 na 9 katika kila 10,000 waliopasuliwa moyo. Tena wanasema baadaye imepungua. Kwa hiyo daktari wa Tabora anaweza kustaafu bila kukutana na mgonjwa mmoja wa aina hii. Nakubali. Ila unadra huo ndio uliotuumiza. Kila aliyesimama kando ya kile kitanda hakuwahi kuliona, kwa hiyo akaamini halipo.

Na mahali ambapo hospitali ilinyamaza, mtaa ulisema.

Hapa naomba mnivumilie, maana hili haliko kwenye vitabu vya Marekani. Baba Shija ana shangazi, mdogo wa marehemu baba yake, mama mtu mzima aliyekuwa akiishi peke yake kijijini huko Uyui. Amepika kwa kuni maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yake ni mekundu. Mwaka mmoja kabla ya upasuaji walikuwa wamezozana na Baba Shija kuhusu embe. Embe kweli, mti wa mwembe ulioegemea upande wa pili wa uzio. Sasa mtu anakwenda kupasuliwa mgongo, anarudi miguu mizima, macho hayaoni, na madaktari wameandika kwamba macho ni mazima. Ninyi mngekuwa ndugu zake mngefikiria nini? Walikaa kikao sebuleni kwangu. Mmoja akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mgongo kaachiwa, macho kachukuliwa." Hakuna aliyeuliza na nani.

Tulikwenda kwa mganga. Nasema tulikwenda, na mimi nilikuwemo, nimekaa kwenye mkeka na cheti changu cha ualimu nyumbani. Tulitoa mbuzi, tukatoa fedha, tukatoa fedha tena. Tukaenda kwenye maombi pia, huko tulitoa sadaka. Shangazi akaanza kukuta vitu vimewekwa mlangoni kwake. Kanda hii tunajua yanakoishia mambo hayo, wazee wetu wamekatwa mapanga kwa wekundu wa macho ulioletwa na moshi. Usiku mmoja akafunga nguo zake kwenye kanga akaondoka, akaenda kuishi kwa binti yake Nzega.

Na mimi nilikuwa nimemulika tochi. Nilikuwa nimeona mboni. Nilijua tangu siku ile kwamba ni mwili, ni neva au retina, kwa sababu nimeufundisha mchoro huo miaka yote hii. Lakini karatasi ya daktari ilisema macho ni mazima, na mwalimu wa shule ya msingi ni nani mbele ya karatasi ya daktari? Kwenye kikao kile sikufungua mdomo.

Baada ya yule daktari wa macho kutuambia, nilipanda basi kwenda Nzega. Nilimkuta Shangazi anachambua mchele. Nikamweleza neva, damu, kifudifudi, yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua, akasema, "Mkwe wangu, kwa hiyo hospitali walijua?" Nikamwambia wengine duniani walijua. Akasema, "Basi wangesema, nisingehama." Hajarudi Uyui.

Watu watasema tukiwaambia wagonjwa kila jambo baya linaloweza kutokea, watakimbia upasuaji. Nimelisikia hilo kwa daktari mmoja kijana, mtu mwema, na sidharau hoja yake. Watu wetu wana woga wa kisu tayari. Lakini nisikilizeni.

Australia kulikuwa na kesi iliyofika mahakama ya juu kabisa mwaka 1992, Rogers dhidi ya Whitaker. Bi Whitaker alikuwa na jicho la kulia bovu tangu utotoni, karibu halioni. Akaambiwa linaweza kupasuliwa, litapendeza na pengine litaona kidogo. Alimuuliza daktari wake tena na tena kuhusu lile jicho zima, lisije likaguswa. Hakuambiwa kwamba kuna ugonjwa ambao kidonda cha jicho moja huufanya mwili ulishambulie jicho la pili. Akapasuliwa, na ugonjwa huo ukaja, na jicho zima likapofuka. Uwezekano wake ulikuwa kama mmoja katika 14,000. Mahakama haikusema daktari alipasua vibaya. Ilisema alipaswa kumwambia, kwa sababu kwa mtu mwenye jicho moja tu, hata mmoja katika 14,000 ni neno zito. Swali si ni mara ngapi hutokea. Swali ni kama mtu huyu aliyelala hapa angependa kulijua.

Nimemuuliza Baba Shija. Tulikuwa tumekaa barazani jioni, yeye na mchezo wake wa kutaja malori kwa mlio yakipita barabarani, "Scania hiyo, tena imezidisha mzigo." Nikamwambia, wangekuambia kabla kwamba macho yanaweza kwenda, ungekataa? Akafikiri. Akasema, "Ningekubali. Mguu ulikuwa unakufa. Ila ningekupeleka Sikonge kwanza nikakuonyesha mipaka ya lile shamba."

Shamba lile hatuna hati. Mpaka wake wa magharibi unaanzia kwenye mninga, unakwenda hadi kwenye kichuguu, halafu kuna jiwe alilolijua yeye. Kichuguu kimesawazishwa na trekta ya jirani. Nimempeleka mara mbili, amesimama pale, ameshika gome la mninga kwa mikono miwili, anasema "kutoka hapa elekea jua linapozama," na jirani amesimama pembeni anatuangalia, anacheka kidogo. Hicho ndicho fomu ya ridhaa ingetupa. Alisaini. Nakala ninayo. Ina kuvuja damu, ina maambukizi, ina kupooza, ina kifo. Kwa hiyo kifo hakikuwatisha kukitaja.

Sasa ombi langu, Waheshimiwa, na nimelipunguza hadi likawa dogo, kwa sababu najua mkipelekewa makubwa huundiwa kamati.

Mgonjwa akizinduka na kuweza kujibu, aulizwe kama anaona, kila jicho peke yake, na jibu liandikwe kwenye ile karatasi ya presha na mapigo. Basi. Haihitaji mashine. Inahitaji kidole kimoja mbele ya uso na tochi ya simu, na muuguzi anayo tayari mfukoni. Madaktari wa usingizi wa Marekani wameliweka hilo kwenye mwongozo wao tangu 2006, na wamelirudia walipouhuisha 2012 na 2019: kagua uwezo wa kuona mara mgonjwa anapozinduka, na ukiwa na shaka muite daktari wa macho kwa haraka, huku unarekebisha presha, damu na oksijeni.

Najua mtaniuliza, na ingemsaidia nini, ikiwa neva ikishakosa damu haina dawa? Kwa Baba Shija, pengine macho yasingerudi. Yule daktari wa macho hakunificha, alisema hakuna tiba iliyothibitishwa. Lakini anayeamka haoni si lazima awe na tatizo la Baba Shija. Kuna wenye presha ya macho ya ghafla, ambayo huweza kuamshwa na baadhi ya dawa za usingizi kwa mtu ambaye jicho lake limeumbwa na njia nyembamba ya maji: jicho linauma, linakuwa jekundu, kichwa kinapasuka, anatapika. Mtu akitapika baada ya upasuaji nani atafikiria jicho? Na huyo ana tiba, matone na vidonge na baadaye mwanga wa leza, ilimradi apatikane mapema, kabla neva haijaharibika. Kuna mama aliyepata kifafa cha mimba akapasuliwa kujifungua, akaamka haoni kwa sababu ya uvimbe wa ubongo upande wa nyuma. Huyo mboni zake hujibana vizuri kabisa, na mara nyingi akitibiwa presha kuona kunarudi ndani ya siku chache. Tochi ileile inawatenganisha hawa wawili. Na kuna wale wengi zaidi, waliokwaruzika konea kwa sababu jicho halikufungwa vizuri wakiwa usingizini, wanalia machozi na kuambiwa ni dawa. Sitaki hawa wote wasubiri siku 6.

La pili ni fomu ya ridhaa. Si kila mtu, sisemi kijana wa ngiri aelezwe habari za upofu. Lakini anayetarajiwa kukaa mezani saa 6 au zaidi, au kupoteza damu nyingi, hasa wa mgongo na wa moyo, aambiwe kwa Kiswahili, kwa mdomo, sentensi mbili. Yale mengine, kichwa kiwe usawa wa moyo au juu kidogo, macho yasikandamizwe, upasuaji mrefu ugawanywe siku mbili ikiwezekana, hayo ni ya wataalamu, nami sitawafundisha kazi.

Na ikitokea, semeni. Hata kama mnachoweza kusema ni "limetokea jambo machoni mwako, hatujalielewa bado, si wewe, na si mtu yeyote." Hayo maneno ya mwisho matatu, huku kwetu, yana kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ambayo imebandikwa ukutani kwenye vyumba vingi vya upasuaji, inaishia mgonjwa anapotolewa chumbani, bado amelala. Swali langu haliwezi kukaa humo kama ilivyo. Lakini chini kabisa ya karatasi hiyo wameandika kwamba haikukusudiwa kuwa kamili, na kwamba nyongeza zinazofaa mazingira ya mahali zinahimizwa. Hamhitaji kibali cha Geneva. Nimeuandika mstari wenyewe, mfupi, unaingia kwenye karatasi ya wodini chini ya mkojo, na nimeupima kwa rula, unatosha:

Ameulizwa kama anaona. Kulia: ndiyo / hapana. Kushoto: ndiyo / hapana. Mboni zinajibana: ndiyo / hapana. Saa: ........ Aliyeuliza: ........

Wenu,

Mama Shija
Mwalimu wa Sayansi, shule ya msingi
Isevya, Tabora